Washenga wa Wilhelmina

Wilhelmina aliugua polio utotoni, na mguu wake mmoja ukabaki dhaifu. Anatembelea magongo. Nyumbani kwao Nkololo ndiye anayeamka wa kwanza. Anakamua ng'ombe, anapika, kisha anakaa kwenye cherehani kushona nguo za majirani. Wageni wakija, mama yake humficha katika chumba cha pamba. Mama hana roho mbaya, anaogopa midomo ya watu tu.

Siku moja walikuja washenga. Mama alifurahi kupita kiasi. Alimvika binti mdogo, Joyness, gauni la kanisani na kumkalisha mbele ya wageni. Joyness alinuna, maana ana mchumba wake Bariadi mjini.

Mshenga mkuu, mzee Maduhu, alimtazama, akakohoa. Akasema kijana wao Luhaga hakuwatuma kwa huyu. Amewatuma kwa fundi cherehani.

Mzee Mayunga, baba wa nyumba, alicheka. "Yule haolewi. Hawezi kazi."

Mkewe akadakia, "Na akiondoka, nani atatupikia?"

Mzee Maduhu alikuwa amejaza mdomoni michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Aliacha kutafuna.

Jirani yao Sayi, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuwa akisaidia kuandaa chakula. Akaweka sinia chini, akamgeukia mama mwenye nyumba. "Mayu, shika neno moja. Hawezi kazi, au anawapikia?"

Mzee Mayunga akatafuta sababu nyingine. Akanong'ona kwamba wajukuu watazaliwa na mguu kama ule. Sayi akamweleza taratibu kuwa polio hairithiwi. Ni ugonjwa wa kuambukiza, na watoto hukingwa kwa chanjo. Mguu dhaifu hauzuii mimba. Wilhelmina akishika mimba awahi kliniki, wauguzi wapange naye mapema namna ya kujifungua salama.

"Naye ana moyo, kaka," Sayi akasema. "Anataka kupendwa, kama wewe ulivyotaka. Muulizeni mwenyewe."

Hawakuhitaji kumwita. Chafya kubwa ilisikika kutoka chumba cha pamba. Wilhelmina akatoka, nywele zimejaa pamba, akawaamkia wageni kwa adabu, "Mwadila."

Baba yake akamuuliza kama anamtaka Luhaga.

"Namtaka, baba. Tulishakubaliana tangu wakati wa palizi. Tulikuwa tunawangoja ninyi."

Baada ya mavuno wakafunga ndoa. Mama aliona aibu kwa yale ya zamani, akamwomba binti yake radhi. Siku hizi ugali nyumbani anasonga Joyness. Una mabonge, na watu wanakula kimya kimya.

Wilhelmina aliposhika mimba, Luhaga alimpeleka kliniki mapema. Kwenye benchi, mama mmoja alimsifu Luhaga kwa kumhurumia dada yake.

"Huyu ni mke wangu," Luhaga akasema.

Yule mama akatazama magongo, kisha tumbo, kisha magongo tena.

"Na tumbo ni kazi yake, mayu," Wilhelmina akamwambia. "Tusogezee nafasi, tukae wote."