Gari Jekundu la Ndeshifoya na Buibui wa Bei

Wewe unayesoma, umewahi kuona mashine ikikivua nguo kitu chako mbele ya wageni?

Ndivyo ilivyokuwa Moshi, asubuhi ya Jumanne, katika karakana ya Mama Eli. Kipimathamani kilikuwa kimepanda juu ya gari. Ni mashine ya ukubwa wa sinia, miguu minane, kila mguu una jicho lake, na watu wa mjini walikiita buibui. Kilipenyeza mwanga ndani ya bati kikahesabu matabaka ya rangi. Kikagonga chesisi huku kikisikiliza kutu. Kikanusa hata mafuta ya breki. Kikimaliza hukupa bei ya leo na bei ya miaka ishirini ijayo, maana akili yake imeunganishwa na masoko yote ya dunia.

Gari lenyewe lilikuwa la mashindano, milango miwili, jekundu, boneti ndefu, umri wake miaka mia moja na kumi. Magari mengine mjini yalijiendesha yenyewe, hayana sauti wala harufu. Ya petroli yalikuwa yameruhusiwa barabara moja tu, ile ya zamani ya kupanda Marangu, kwa hiyo machache yaliyobaki yakageuka mali. Hayakununuliwa ili yaendeshwe, la. Yalifungiwa ndani ya sanduku-kimya, chumba cha kioo kinene kilichonyonywa hewa yote, kisha gari likagawanywa hisa elfu kumi. Mtu wa Seoul akanunua hisa tatu za gari ambalo hatafungua mlango wake hata siku moja.

Sanduku-kimya lilikuwa limeshashushwa uani. Kilichobaki ni kidole gumba cha Mama Eli kwenye mkataba, na mwisho ulikuwa saa sita mchana. Gari likishafungiwa ndani, sanduku halifunguki kwa miaka ishirini. Mama Eli, jina lake Ndeshifoya, alikuwa na miaka sabini na miwili.

"Mama, matarajio ni mazuri sana," alisema Kokubanza, wakala wa kampuni ya hisa, binti wa Kihaya mwenye viatu vyeupe visivyopenda oili. "Asilimia tisa kila mwaka. Mradi lisiguswe."

"Lisiguswe na nani?"

"Na mtu yeyote, mama."

"Hata kulifuta vumbi?"

"Ndani ya sanduku hakuna vumbi."

"Basi hilo ni jeneza."

Mwanawe Elirehema, aliyekuja na treni ya alfajiri kutoka Dodoma, akacheka kwa aibu. "Mama naye! Jeneza gani lina taa? Watu watakuja kuliona gari la Baba."

Gari la Baba. Mama Eli akaziangalia kucha zake. Marehemu mumewe, Mzee Kiwelu, alishinda kwa gari lile mbio saba za mlimani, zile za Desemba, Wachaga wote wanapokuwa wamerudi nyumbani kwa Krismasi. Nchi nzima ilimjua.

Buibui akalia mara tatu.

"Sehemu zisizo halisi: ishirini na tatu," alisema, sauti baridi kama ya karani wa zamani. "Gasketi ya pampu ya maji, imekatwa kwenye kandambili. Kikinga-joto, ni kifuniko cha sufuria. Springi ya kabureta, imetoka kwenye kalamu. Punguzo: asilimia kumi na nne."

"Usijali, mama," Kokubanza alisema upesi. "Roboti zetu zitavitoa, zitaweka vipya kama vya kiwandani."

"Na hivyo vya zamani?"

"Vitayeyushwa."

Buibui hakuwa amemaliza. "Alama za vidole ndani ya gundi na chini ya rangi ni za mtu mmoja. Zinalingana na kidole kilichosajiliwa leo kwa maandalizi ya mkataba. Fundi ni Ndeshifoya Kiwelu."

Elirehema akageuka taratibu. "Mama? Si Baba ndiye alikuwa fundi?"

"Baba yako hakujua kufungua hata plagi. Alijua kukanyaga." Sauti yake ilianza kupanda. "Kila akishinda, wazee walimimina kata mbili za pombe ya mbege. Moja ya dereva, moja ya fundi. Alikunywa zote mbili, Eli! Miaka saba! Mimi niko jikoni, grisi kwenye kucha, nawaambia wifi zangu ni masizi ya chungu."

Kokubanza akashusha macho, halafu kazi yake ikamkumbusha kuyainua. "Kipimathamani, andika fundi huyu kwenye historia. Bei?"

"Inashuka asilimia thelathini na moja. Wanunuzi hulipia hadithi wanayoijua."

Wakala akakohoa. "Basi tuiache historia ilivyo, mama. Jina la Mzee lina soko."

Elirehema akamshika mamaye bega. "Haidhuru, Mama. Sisi tutajua."

"Nyinyi nani?" Mama Eli akautupa mkono wake pembeni. "Umejua leo! Tena kwa kuambiwa na mdudu wa bati! Umekula ugali wa mikono hii, umesomeshwa na mikono hii, hukuwahi kuuliza kwa nini inanuka petroli!"

Akakinyakua kipimathamani kwa kukishika miguu yake miwili, kikiwa bado kinataja punguzo la mikwaruzo, akatoka nacho uani, akakitia ndani ya sanduku-kimya, akabamiza mlango. Macho yake ya miguuni yakaendelea kuwaka taa ndani ya kioo. Hapakusikika kitu.

"Mama!" Kokubanza alipiga kelele. "Hicho ni cha kampuni!"

"Kiko salama. Hakuna vumbi."

Mama Eli aliporudi ndani, Elirehema alisimama mbele ya gari, mikono imeenea, macho yamejaa machozi ya hasira na ya jambo jingine. "Sasa unataka nini, Mama? Hutaki kuuza, hutaki liwekwe. Miaka yote hujasema. Sema basi, unataka nini?"

Swali lile Mama Eli hakuwahi kuulizwa, hata na mumewe.

"Miaka arobaini na nane nimelala chini ya gari hili," alisema. "Chini, mwanangu. Sijawahi kukaa kwenye usukani hata kulitoa uani. Baba yako alisema nitaliumiza." Akavuta pumzi. "Nataka kuliendesha. Mimi. Leo hii. Ondoka hapo mbele."