Mbao za Mbamba Bay

Notburga ndiye aliyeinusa harufu kwanza, jioni ile ile jukwaa lilipokamilika.

"Nani kaleta usipa humu ndani?" aliuliza.

Hakuna aliyeleta. Walikuwa kwenye ghala la kahawa, Mbinga mjini, huku juu milimani, mbali na ziwa. Ghala lilikuwa tupu tangu wanunuzi binafsi waanze kupita vijijini na mizani zao, ushirika ukabaki na kufuli tu. Lilipaswa kunuka vumbi na magunia. Badala yake lilinuka usipa mbichi, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, na nyuma ya usipa kulikuwa na harufu nyingine ya baridi, kama ya shimo lililojaa maji.

"Fungueni madirisha," alisema Othmar. "Tuna kazi."

Othmar Ndunguru hakuwa na subira siku zile. Alikuwa mwalimu wa kikundi cha sanaa cha ushirika mpaka wafanyakazi walipopunguzwa. Kwa miaka mingi alitunga ngonjera za mbolea, maigizo ya vyoo na nyimbo za kupokelea wageni. Sasa, kwa mara ya kwanza, alikuwa na mchezo ulio wake mwenyewe. Aliuita *Mama Hahami*, habari za mjane wa Kingerikiti anayekataa kuondolewa shambani na ndugu wa marehemu mumewe. Kamati ya tamasha la wilaya iliusoma ikaurudisha. "Mchezo si mbaya, Mwalimu," aliambiwa, "ila hauna ujumbe. Wafadhili wanataka ujumbe."

Vikundi vilivyokataliwa viliungana, vikaamua kufanya tamasha lao kwenye ghala wiki ile ile. Watu wakaliita kwa dharau tamasha la pembeni. Wenyewe wakalipokea jina hilo. Kila kitu kilikuwa kigumu. Umeme ulikatika, waigizaji wakaacha mazoezi kwenda kubeba kahawa ya makampuni, na mbao za kujengea jukwaa hazikushikika bei. Ndipo Othmar alipopanda lori hadi Mbamba Bay, akarudi na mbao nyeusi nzito alizozing'oa kwenye boti kuukuu iliyolala mchangani. Alizipata bure. Alijisifu kwa hilo.

Mjane aliigizwa na Kauthar, binti wa Bi Somoe muuza vitenge, ambao asili yao ni Kilwa. Placidi, fundi cherehani, alikuwa shemeji mwenye tamaa. Notburga, mwanakwaya na mzaliwa wa Lituhi kule ziwani, alikuwa jirani.

Kulikuwa na mahali ambapo mjane anarudi kutoka makaburini, anasikia kitu kikitembea nyumbani kwake, anauliza, "Nani yumo ndani?" Othmar alitaka pawe na ukimya mrefu hapo.

Kauthar aliuliza.

"Mimi nimo," ilijibu sauti ya mwanamke, chini ya miguu yake.

"Placidi!" Othmar alirusha karatasi zake chini. "Acha kuiga sauti za kike huko chini! Nimesema ukimya! Ukimya ni nini kwa Kimatengo, nikutafsirie?"

Mlango wa ghala ulifunguka. Placidi aliingia kutoka nje, ameshika birika la chai.

"Mwalimu, umeniita?"

Kauthar alishuka jukwaani polepole, kama mtu anayeshuka kwenye mgongo wa mnyama aliyelala. Othmar aliinua kitambaa cha pembeni, akachungulia chini. Kulikuwa na matofali waliyopandishia mbao, na giza. Alipoingiza mkono sakafu ilikuwa imelowa. Ilikuwa kiangazi, Mbinga ilikuwa na baridi kavu ya kupasua midomo, na paa halikuwa na tundu. Alipapasa mbao kwa chini. Zilikuwa zikitoka maji, tone kwa tone, kama paji la uso la mtu mwenye homa.

"Kaka Othmar," Notburga alinong'ona, "hizi mbao ulisema umezitoa wapi?"

"Kwenye boti iliyovunjika. Ilikuwa inaoza tu pale."

"Na wenyeji walikuambia nini?"

Othmar alikumbuka mama mmoja aliyekuwa akianika samaki karibu na pale. Alimwambia hizo hata kuni hawachomi. Yeye alicheka, akaendelea kung'oa misumari.

"Hawakuniambia kitu," alisema. "Twende tangu mwanzo."

Kesho yake Kauthar alikuja na nywele zimelowa. Alisema ameoga. Siku iliyofuata zililowa tena, na mabega ya gauni yamelowa, na alipoketi kwenye benchi aliacha alama ya maji. Akawa mkimya. Akawa anapanda jukwaani kabla ya kuitwa na kusimama pale katikati, macho yametazama ukutani kama mtu anayetazama mbali sana. Kisha, katikati ya maneno ya mjane, maneno yakageuka. Si Kiswahili tena. Kauthar hakujua lugha nyingine yoyote, nyumbani kwao ni Kiswahili tangu kwa mabibi, lakini yalimtoka mfululizo, kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, na Notburga aliyekuwa amesimama pembeni akisubiri zamu yake alishika msalaba wa shingoni kwa mikono miwili.

"Hicho ni Kinyasa," alisema. "Kinyasa cha zamani, cha bibi zetu. Anauliza nani amemng'oa kwake. Anauliza mara nyingi."

Placidi alitoka nje mbio, hakugeuka.

Othmar alibaki amesimama. Aliogopa, lakini chini ya woga ule kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuthubutu kumwambia mtu. Katika miaka yake yote ya kufundisha maigizo, miaka ya watu wazima kukariri faida za mbolea, hakuwahi kuona mwigizaji akisimama namna ile. Huyu alikuwa mjane kweli. Uchungu ule ulikuwa uchungu kweli.

Asubuhi Bi Somoe alimfuata ghalani, mtandio umemteleza kwa hasira. Nyuma yake alikuwa Maalim Abdulhamid, mzee mwembamba anayesomea wagonjwa.

"Shikamoo, Bi Somoe. Shikamoo, Maalim."

Maalim aliitikia. Bi Somoe hakuitikia.

"Nilikupa mwanangu aigize," alisema. "Sikukupa umpandishe majini! Anakunywa maji ndoo nzima, Othmar. Anakunywa na kulia kwamba ana kiu. Jana nimemkuta dukani amejifunika vitenge vyote, anatetemeka, vitenge vinachuruzika!"

Maalim hakupanda jukwaani. Aliweka ubani kwenye chetezo, akazunguka jukwaa akisoma kwa sauti ya chini. Moshi ulipofika juu ya mbao ulianguka chini kama kitambaa kilicholowa. Aliacha kusoma, akamtazama Othmar.

"Huyu si wa kufukuzwa," alisema kwa upole. "Huyu hakuja kwako. Umemleta. Hapo alipokuwa ndipo kwake, na wewe umebomoa nyumba yake ukamsimamisha binti wa watu juu ya mlango. Zirudishe leo. Kwa mikono yako, na uombe radhi."

"Leo, Maalim? Onyesho ni kesho mchana. Watu wameshaalikwa. Naomba baada ya onyesho. Nikimaliza tu, nazirudisha usiku huo huo."

"Unaomba kwangu?" Maalim aliuliza. "Mimi si mwenye nyumba."

"Kila siku naambiwa baadaye! Kila siku naambiwa hapana!" Othmar alipaza sauti, akijisemea mwenyewe zaidi ya wao. "Kamati hapana, umeme hapana, mbao hapana. Nimepata jambo moja, moja tu, na sasa hata jini ana pingamizi!"

Bi Somoe alijifunga mtandio vizuri. "Mwanangu haji kesho," alisema. "Nitamfungia."

Othmar alimpa Notburga sehemu ya mjane, na Notburga akakubali kwa sharti la kusimama chini kwenye saruji.

Mchana uliofuata ghala lilijaa. Vikundi vingine vilitangulia, watu wakacheka, wakapiga miluzi. Hata mjumbe mmoja wa kamati alijibanza karibu na mlango. Zamu ya *Mama Hahami* ilipofika, Othmar akiwa nyuma ya pazia na Notburga akijifunga khanga, mlango wa nyuma ulifunguka. Kauthar aliingia, peku, amevaa gauni la mjane, nyayo zake zikiacha maji sakafuni. Kiganjani alikuwa na majeraha mabichi, kama mtu aliyevunja dirisha.

"Kauthar," Notburga alisema, "rudi nyumbani, mwanangu."

Kauthar alimtazama Othmar. Alikuwa akingoja.

Neno lilikuwa moja tu, rudi, na Othmar alikuwa nalo mdomoni. Alisikia watu wakikohoa na kujiweka sawa upande wa pili wa pazia. Akashika ukingo wa pazia, akampisha apite.

Waliokuwepo bado wanalisimulia onyesho lile. Hakuna aliyecheka wala kupiga mluzi. Kauthar alisema maneno ya Othmar yote, bila kukosea hata moja, na juu ya maneno hayo kulikuwa na sauti ya pili iliyoyabeba kama maji yanavyobeba mtumbwi, na wazee walilia bila kujifuta, na watoto waliacha kutafuna, na harufu ya ziwa ikapanda ikajaa ghala mpaka watu wa mbele wakawa wanapumua kwa midomo. Kisha mjane akauliza nani yumo ndani, na ule ukimya alioutamani Othmar ukaja, mrefu, mzima, bila jibu, na ndani ya ukimya huo Othmar akaona maji yakipanda katikati ya mbao, meusi, yakifunika nyayo za Kauthar, yakifunika vifundo vya miguu, ilhali pembeni hayamwagiki, na Kauthar akawa mfupi, akawa anapungua taratibu kama mtu anayeshuka ngazi, na macho yake, yale ya binti wa Bi Somoe, yakarudi mara moja yakamtazama Othmar yakimwomba.

Othmar aliruka jukwaani. "Nisaidieni! Anazama! Jamani, si mchezo, anazama!"

Watu walipiga makofi. Walisimama, wakashangilia, wakapiga vigelegele. Alizidi kulia, wakazidi kushangilia. Aling'oa ubao wa kwanza kwa kucha, akang'oa wa pili, damu ikamtoka vidoleni, na Notburga akaja akamshika Kauthar kwapani, akavuta huku akisali kwa sauti. Ubao mwingine ulipong'oka Kauthar aliwaangukia mikononi, baridi kama samaki, hapumui vizuri. Mbele ya jukwaa makofi yalikuwa bado yanaendelea.

Lori la kahawa liliwashusha Mbamba Bay, pamoja na Bi Somoe, Maalim na zile mbao, kabla jua halijazama. Bi Somoe alikaa mchangani, amempakata mwanawe. Maalim alimwonyesha maji kwa kidole.

Othmar alibeba mbao moja moja, akaingia nazo mpaka kifuani. Ni mbao, zilipaswa kuelea. Kila aliyoiachia ilizama moja kwa moja kama iliyopokelewa. Alipoachia ya mwisho alisema, "Nisamehe. Nilikung'oa kwako. Sikusikia nilipoambiwa." Alisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kimatengo, kwa kuwa Kinyasa hakukijua. Maji yalimzunguka kiunoni mara moja, kwa nguvu, kama mkono unaopima kitu, yakamwachia.

Kule mchangani Kauthar alikohoa, akatapika maji mengi, akafungua macho.

"Mama," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Mbona tuko huku? Nina baridi."

Bi Somoe alilia kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze.

Kauthar alipona. Hakukumbuka chochote, na hakupanda tena jukwaani. Mama yake alimpeleka kwa shangazi yake Songea, akaolewa huko. Othmar alisimamishwa njiani na kila mtu akimsifu. Mjumbe wa kamati mwenyewe alimfuata nyumbani kwake. "Mwalimu, ule mchezo uletwe kwenye tamasha kubwa mwakani. Ujumbe tutautafuta." Othmar alijaribu na waigizaji wengine, ghalani, shuleni, kwenye ukumbi wa kanisa. Maneno yalikuwa yale yale. Yalitoka midomoni mwao makavu, kama ngonjera ya mbolea.

Mwaka uliofuata Notburga alikwenda Lituhi kwenye msiba, akamwomba Othmar amsindikize. Wakati wa kurudi lori lilipitia Mbamba Bay, likasimama kupakia samaki. Mchana ulikuwa shwari, ziwa halina hata kunyanzi. Othmar alisema anakwenda kunawa uso.

Alichukua muda. Notburga alimfuata, akamkuta amesimama ndani ya maji na viatu vyake, ameinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Kaka Othmar?"

"Shh," alisema. "Ni mjane. Wamekwisha kumtoa shambani, sasa anarudi. Hii sikuiandika mimi, dada. Hii ni sehemu ya pili."

Notburga alisikiliza. Hakusikia kitu. Othmar alipiga hatua mbele, maji yakapanda mapajani, akapiga nyingine, uso wake umelegea kwa furaha ambayo Notburga hakuwahi kuiona kwake, na midomo yake ilikuwa ikitembea kidogo kidogo, ikifuatisha maneno ya mtu mwingine. Maji yalikuwa yamefika kifuani alipomfikia, akamkamata ukosi wa shati, akamvuta kwa nguvu zake zote mpaka wakaanguka wote wawili mchangani.

Njia nzima ya kupanda Mbinga Othmar alikuwa amemnunia. Lori lilipokuwa likipumua kwenye kona za mlima alimgeukia, macho mekundu.

"Ungeningoja kidogo tu," alisema. "Umenitoa kabla mchezo haujaisha."