Gari Lililoacha Kuitika

Kila alasiri baada ya shule, nyumba yao ya ghorofani ilikuwa na ukimya wa aina yake. Mama, ambaye ni mkunga na mara nyingi hukesha kazini, alikuwa amelala chumbani, pazia limeshushwa. Baba, fundi saa, alikuwa ameinamia meza yake sebuleni, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, akisemezana na saa za watu kwa sauti ya chini: "Haya bibie, niambie unaumwa wapi." Na binti yao alikaa kwenye dirisha la jikoni akikunja nguo zilizokauka. Mtu mwingine angeimaliza kazi hiyo upesi. Yeye ilimchukua mpaka jua lianze kugeuka rangi.

Walimwita Mawingu. Baba ndiye aliyeanzisha utani huo, kisha ukamganda. "Huyu mtume chumvi," Baba alikuwa akisema, "atapitia mawinguni kwanza, halafu atakuletea kijiko." Mawingu hakukasirika. Angekasirika vipi, na ni kweli? Akishika shati la kaka yake, mikono ya shati ilianza kuwa mabawa. Akikunja shuka, aliona uwanda mweupe usio na mwisho, na mtu mdogo sana anatembea katikati yake. Siku nyingine alistuka na kukuta amekunja kitambaa kimoja hicho hicho mara tatu.

Chini, ng'ambo ya ukuta, karibu na tangi la maji, liliegeshwa gari la Mama. Lilikuwa dogo, la rangi ya samawati iliyofifia, na kutoka dirishani paa lake lilionekana likilala juani kama paka. Mawingu alilipenda gari hilo. Lililomvutia zaidi ni rimoti yake, kidude cheusi chenye vitufe viwili kilichoning'inia pamoja na ufunguo kwenye msumari karibu na mlango. Ukiwa karibu na gari ukabonyeza, taa zake za pembeni ziliwaka mara moja na milango ikafanya *kwacha!* Kwa Mawingu, hilo lilikuwa gari likiitika salamu.

Basi Mama akishalala, Mawingu alikuwa akiitungua ile rimoti taratibu, anakaa nayo dirishani na kubonyeza. Gari halikuitika, kwa kuwa lilikuwa mbali mno. Hilo halikumvunja moyo hata kidogo. Alijiambia kwamba gari limelala kama Mama, na kwamba salamu zake zinaelea hewani polepole na kulifikia likiwa ndotoni. Kwa hiyo alibonyeza tena. Alibonyeza huku akilisimulia habari za shule, huku akiimba, huku anatazama mawingu ya kweli yakipita juu ya tangi. Kikiguswa kitufe, kitaa chekundu kilimeremeta kwenye rimoti, na alasiri zikapita hivyo, wiki baada ya wiki. Mama aliwahi kusema mara moja tu, "Rimoti si mchezo, mwanangu." Kwa hiyo Mawingu aliirudisha msumarini kila mara kabla Mama hajaamka, na hakumwambia mtu.

Kaka yake naye alikuwa na ndoto, ila yake ilikuwa na magurudumu manne. Alikuwa amemaliza shule, na Baba alimwahidi kumfundisha kuendesha gari likizo hiyo. Tangu ahadi hiyo itoke, kijana alilitunza gari kama mboni ya jicho. Kila Jumamosi alilisugua mpaka akauona uso wake kwenye milango. Mezani aliweza kushika sahani kama usukani na kuzungusha, mpaka Mama amwambie apaki kwanza ale.

Jumamosi moja, baada ya kuliosha gari, alipanda ngazi akiwa amelowa chapachapa, suruali inachuruzika, akatoa ufunguo na rimoti mfukoni na kuvitundika msumarini. Kesho yake Mama akaitwa kliniki kwa haraka, kuna mama mjamzito ameshikwa na uchungu mapema. Akateremka mbio na mkoba wake. Akabonyeza. Kimya. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akabonyeza tena. Gari likamtazama tu. Akaamua kufungua mlango kwa ufunguo wenyewe, na hapo king'ora kikapasua mtaa: *wiu! wiu! wiu!* Gari likakataa kuwaka. Majirani wakajaa madirishani. Bahati nzuri jirani wa chini alikuwa na pikipiki, akampakia Mama na mkoba wake, wakaondoka. Alipofika, mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa mikononi mwa muuguzi mwingine. Wote walikuwa salama, lakini Mama alirudi uso umemsawajika.

"Na kama muuguzi yule asingekuwepo?" alimwuliza Baba. "Nahitaji gari linaloitika nikiliita."

Baba akasafisha meza, akazisogeza saa za watu kando, akaiweka rimoti chini ya taa. Hakuwa mtu wa pupa. Alianza na kilicho rahisi: akafungua mfuniko kwa bisibisi nyembamba, akatoa betri ile bapa kama kitufe cha koti, akaipima. Ilikuwa na nguvu. Hata hivyo akaweka mpya, zimejaa tele kwenye droo yake. Wakashuka kujaribu. Wapi! Akafungua boneti na kulipima betri kubwa la gari lenyewe. Nalo lilikuwa na nguvu. Akarudi juu, akasugua sehemu za shaba ndani ya rimoti kwa mswaki mkuukuu na spiriti. Hapo ndipo alipoona, kwenye pembe moja, doa dogo jeupe.

"Maji," akasema, na kukivua kioo jichoni.

Wote wakamgeukia Kaka.

"Baba, iliingiwa na unyevu kidogo tu mfukoni. Haikuloa!"

"Suruali yako ilikuwa inachuruzika ngazi nzima. Niliiona kwa macho yangu."

"Lakini kitaa chake kinawaka, Baba."

"Kinawaka, gari halisikii. Kuna kitu ndani kimekufa." Baba alisema pole pole, naye alikuwa na huzuni. "Mtu akishindwa kutunza kidude cha ukubwa huu, nitampaje gari zima? Habari za usukani tuziache kwanza."

Siku zile zilizofuata Kaka alikula, sahani imetulia mbele yake kama sahani ya mtu mwingine yeyote. Mawingu alimwonea huruma. Aliamini ni maji, kama walivyoamini wote. Ila kulikuwa na kitu kikimkera moyoni, kidogo kama punje ya mchanga ndani ya kiatu, na kila alipotaka kukiangalia, mawazo yake yalipaa na kwenda kutua kwingine.

Katikati ya wiki Baba akampigia simu fundi umeme wa magari, mtu ambaye Baba aliwahi kumtengenezea saa. Akaiweka simu mezani, sauti imefunguliwa ili mikono yake ibaki huru. Mawingu alikuwa dirishani na nguo zake. Kaka alikuwa ameegemea mlango wa jikoni. Baba akaeleza yote: betri mpya, usafi, doa jeupe.

"Pole sana, fundi mwenzangu," ile sauti ikasema. "Kabla hatujayalaumu maji, nikuulize. Kuna mtu huwa anaibonyezabonyeza hiyo rimoti gari likiwa mbali? Watoto, pengine?"

Baba akacheka. "Nani? Inakaa msumarini. Na mtoto niliye naye hapa anaishi mawinguni, hata ufunguo wa nyumba haujui ulipo."

Shati lililokuwa mikononi mwa Mawingu likawa shati tu. Halikuwa na mabawa wala nini.

"Basi kama hakuna anayeichezea, ni maji," fundi akasema. "Hapo haina dawa. Nitakuja kesho ning'oe mfumo mzima, mtumie ufunguo wa kawaida."

"Sawa," Baba akajibu.

"Samahani, Baba," Kaka akasema pale mlangoni. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Itakuwa ni mimi. Nisamehe."

Mawingu akamtazama kaka yake. Aliona mabega yake marefu yameshuka, macho yako sakafuni. Alitamani aelee, atoke dirishani, apite juu ya tangi na aende mbali asikojulikana na mtu. Lakini miguu yake ilikuwa palepale, juu ya sakafu ya jikoni. Akapiga moyo konde.

"Baba, usikate simu!"

Baba akageuka, kidole hewani.

"Ni mimi. Mimi ndiye ninayeibonyeza. Mama akilala. Hapa dirishani."

"Unabonyeza... unabonyeza nini, mwanangu?"

"Rimoti. Nalisalimia gari." Aliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, aliona yalivyo ya kitoto, na machozi yakamlengalenga. "Nabonyeza sana, Baba. Kila siku. Sijui mara ngapi."

Saa zote za mezani zikasikika kwa pamoja. Halafu kutoka kwenye simu likaja cheko kubwa. "Hapo sasa! Mpe binti hiyo simu nimshukuru, kanipunguzia kazi!"

Kisha akaeleza, na Baba akasikiliza huku kichwa kikimtingika. Rimoti haitumi neno lile lile kila inapobonyezwa. Hutuma namba ya siri inayobadilika kila mara, ili mwizi asiweze kuiiga, na gari nalo linahesabu kwa upande wake. Rimoti ikibonyezwa mbali, yenyewe inasonga mbele katika hesabu yake, na gari halina habari. Zikiachana kidogo, gari linasamehe. Zikiachana mno, linaiona rimoti kama mgeni na kukataa kuipokea.

"Saa mbili zilizopotezana," Baba akasema kwa sauti ya mtu aliyeamka. "Moja inasema asubuhi, nyingine inasema adhuhuri. Zote nzima!"

"Umenena, fundi. Zirekebishe zilingane. Shuka nikuelekeze."

Wakashuka wote watatu. Baba akafungua mlango kwa ufunguo, na king'ora kikaanza vituko vyake. "Leo tena?" jirani wa chini akapiga kelele dirishani. Baba akaketi, akafunga mlango, akazungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi zikawaka, akarudisha, akazungusha, akarudisha, simu imebanwa begani. Kisha akashusha kioo na kunyoosha mkono nje.

"Mawingu. Fundi anasema sasa kibonyezwe kitufe na kushikiliwa. Ushikilie wewe, usiachie mpaka nikuambie."

Mawingu akaipokea. Akabonyeza, akashikilia, macho kayafumba. King'ora kililia masikioni mwake. *Wiu! Wiu!* Alifikiri mbona hakiishi, mbona hakiishi. Mara milango yote ikafanya *kwacha!*, taa za pembeni zikawaka, kelele zikakatika. Mtaa ukawa kimya kiasi cha kusikia tone likidondoka kwenye tangi.

Mama, aliyeamshwa na king'ora, alikuwa amekwisha kufika, kanga begani, usingizi machoni. Mawingu akamweleza mwenyewe kila kitu, tangu mwanzo. Mama hakugomba. "Nilikuambia si mchezo, ukanisikia, ukaendelea," akasema. "Hilo tutalizungumza mimi na wewe. Lakini hayo ni ya baadaye. Kuna mwenzako hapa bado hujamwambia kitu."

Mawingu akamgeukia kaka yake. "Nisamehe, Kaka. Sikujua kama ni mimi. Lakini nilijua naichezea, na nilinyamaza." Kisha akauliza lililokuwa likimsumbua. "Wewe kwa nini uliomba msamaha, na hukufanya kitu?"

Kaka akakwangua ardhi kwa ncha ya kiatu. "Mlisema wote ni mimi," akajibu. "Mwisho nikaanza kuamini kweli ni mimi."

Baba aliposikia hivyo akatoka ndani ya gari, akasimama mbele ya mwanawe. "Na mimi unisamehe. Niliona suruali iliyolowa na kidoa kimoja, nikafunga kesi. Saa ya mteja sijawahi kuitendea hivyo. Huipima mpaka nipate ukweli." Akamshika bega, kisha akamvuta Mawingu karibu.

"Sikilizeni nyote wawili. Kucheza na rimoti lilikuwa kosa, ila dogo, na mmeona limerekebishwa kabla jua halijazama. Kosa likifichwa haliishi, linakwenda kumtafuta mtu wa kumkalia, na mara nyingi humkalia asiyehusika. Ukilisema mapema, linabaki kuwa kosa tu. Rimoti ikiharibika nitaifungua nione ndani. Moyo wa mtu aliyesingiziwa mpaka akajiona mkosaji, wanangu, sina bisibisi ya kuufungulia."

Mawingu akaitikia kwa kichwa. Hakuruka popote safari hii. Alisikia kila neno.

Baba akamtupia Kaka ufunguo, akazunguka gari na kuketi upande wa abiria. "Unangoja nini, dereva? Twende mpaka getini, pole pole, usinivunjie kuta za watu."

Kaka aliketi penye usukani. Gari likawaka, likaruka kama mbuzi, likazima. Jirani wa chini akapiga makofi. Kaka akacheka, kicheko kikubwa ambacho hakikusikika nyumbani siku zote hizo, na Mawingu, aliyeketi kiti cha nyuma, akakisikiliza mpaka kikaisha.