Kamba ya Viazi na Kitanda cha Kogo

Huku Keringet ukungu huamka kabla ya watu. Asubuhi hiyo ulikuwa umelala juu ya mashamba ya viazi, mweupe kama maziwa. Chelagat alikuwa ameshatoa magunia ya mbegu kutoka chumba cha mwisho cha nyumba yao. Chumba hicho kilikuwa stoo. Sasa kingekuwa chumba cha kulala.

Atakayelala humo ni Jepleting, mama yake Kiprugut, mume wa Chelagat. Emmy, binti yao mdogo, humwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin. Basi boma zima nalo likamwita Kogo. Mvua ilipozidi, Kogo aliteleza kwenye matope akavunjika nyonga. Alipasuliwa katika hospitali moja ya Nakuru. Ijumaa angeruhusiwa kurudi nyumbani, akitembea na fremu, ile ya chuma yenye miguu minne.

Kiprugut aliingia stoo na kamba ya kupandia viazi. Kamba hiyo ina vifundo, na kila kifundo huonyesha mahali pa kuchimba mstari.

"Mama Emmy, shika hapo ukutani," alisema.

Chelagat akashika. Kiprugut akavuta kamba hadi ukuta wa pili.

"Moja, mbili, tatu. Kifundo mpaka kifundo ni hatua moja. Hatua ni futi tatu. Tatu mara tatu ni tisa. Upana ni futi tisa."

Akavuta kamba kwa urefu wa chumba. Akapata nafasi nne. "Futi kumi na mbili! Kitanda ya sita kwa sita inaingia, na futi tatu inabaki ya kupita."

"Nani alisema kifundo ni futi tatu?" Chelagat aliuliza.

"Kwani hatua ni nini?"

"Hatua ya nani? Yako ama yangu?"

"Wewe na maswali! Ungezaliwa polisi."

Hakumsingizia. Chelagat alizaliwa na maswali. Siku moja baada ya ibada alimuuliza mchungaji kwa nini kuku hufumba macho kuanzia chini kwenda juu. Mchungaji alikwenda kuangalia kuku wake, akashinda huko akiwachungulia macho.

"Na hiyo sita kwa sita," Chelagat aliendelea, "ni sita ya nini kwa sita ya nini?"

"Ni kitanda kubwa! Hiyo inatosha." Kiprugut alianza kukunja kamba polepole. Sauti yake ikashuka. "Mama amelala kwa kitanda nyembamba maisha yake yote. Alitulea sisi sita hapo. Nilimwahidi, nikiwa mkubwa nitamnunulia kitanda ya kifalme. Watu wa kanisa wakija kumwona, wasimpate kwa kitanda ya mtoto wa shule ya bodingi."

Chelagat aliichukua ile kamba mkononi mwake. Akaitia ndani ya kiondo chake.

*

Siku iliyofuata alishuka Nakuru kumwona Kogo. Alimpata ameketi ukingoni mwa kitanda cha wodi, miguu yake ikining'inia.

"Chamge, Kogo," alimsalimu.

"Chamge. Umeniletea chai ama umeniletea maswali?"

"Vyote viwili."

Kogo akacheka. Alipomaliza chai, Chelagat alitoa uzi wa sufu, ule mwekundu wa kufumia sweta. Alipima kutoka kisigino cha Kogo hadi nyuma ya goti, akafunga kifundo. Kisha akapima upana wa fremu, akafunga kingine.

"We mtoto!" Kogo alisema kwa sauti. "Unanipima sanduku ya kuzikwa?"

Wodi nzima ilicheka. Hata mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa akiugulia tangu asubuhi, alishika mbavu.

"Ni ya kitanda, Kogo. Kiprugut wako anataka kukununulia kitanda kama uwanja."

Kogo aliacha kucheka. Akashika mkono wa Chelagat.

"Sikiza. Hapa naamshwa na watu wawili. Mmoja kwapa hii, mwingine kwapa ile. Hup! Kama gunia ya viazi. Daktari wa mazoezi amenifundisha kushuka mwenyewe, kwa upande wa kulia, nikishika fremu. Lakini kitanda hii iko juu sana, miguu haifiki. Mimi nataka kitu moja tu. Nikisikia haja, niamke, niende, nirudi. Nikiona huko kwenu pia nainuliwa kama gunia, nitarudi kwa nyumba yangu hata kama nitatambaa."

Chelagat alijua kwamba Kogo hasemi kitu asichokitenda. Nyumba ya Kogo iko ng'ambo ya bonde, peke yake, na njia ni ile ile ya matope.

*

Aliporudi Keringet alipitia sokoni kwa Wariara, jirani yao, anayeuza vitanda na magodoro. Watu humwita Mama Shiko. Kila kitanda dukani mwake kina kipande cha karatasi: 3 x 6, 3½ x 6, 4 x 6, 5 x 6, 6 x 6.

"Mama Shiko, hizi namba zinasema nini?"

"Mungu wangu, leo nimepata mteja wa kuniuliza! Wengine huuliza tu kama inang'aa." Wariara alichukua tepu yake, ule mkanda wa kupimia. "Namba ya kwanza ni upana. Ya pili ni urefu, kutoka kichwa mpaka miguu. Zote ni futi. Ona, namba ya pili ni sita kila mahali. Kinachobadilika ni upana."

"Kwa hivyo sita kwa sita si ndefu kuliko tatu kwa sita?"

"Urefu ni ule ule. Kitanda inafaa kuzidi kimo ya mtu kama nusu futi hivi. Kogo ni mfupi, yoyote itamtosha. Bwanako naye?"

"Miguu yake hutoka nje. Paka hulala hapo juu."

"Huyo atengenezewe kitanda yake kwa oda!" Walicheka mpaka muuza nyanya wa jirani akachungulia.

Wariara aliendelea kuonyesha kwa mkono. "Tatu na tatu na nusu ni za mtu mmoja. Nne, mtu mmoja analala akigeuka vile anataka. Wawili wataingia, lakini wapendane. Tano ni ya bwana na bibi. Sita ni ya bwana, bibi, na yule mtoto anayekuja asubuhi na miguu baridi. Lakini sikiza hii, wengi huwa hawajui." Aliweka tepu juu ya godoro, kisha akaivuta hadi ukingo wa mbao. "Namba ni ya godoro. Mbao ziko nje ya godoro, huku na huku. Sita kwa sita ikifika nyumbani inakula futi sita na nusu."

"Nusu futi imetoka wapi?"

"Kwa mbao. Ndiyo hiyo hukwaruza ukuta."

Chelagat akatoa kamba kwenye kiondo. "Sasa nipimie hii. Kifundo mpaka kifundo."

Wariara akaweka tepu. Akaangalia. Akaangalia tena.

"Futi mbili na nusu."

"Si tatu?"

"Mbili na nusu. Hii ni ya viazi, si ndiyo? Viazi hupandwa hivyo."

Chelagat alifumba macho kidogo, akahesabu. Nafasi tatu za upana. Mbili na nusu, mara tatu. Futi saba na nusu! Akitoa sita na nusu ya kitanda, inabaki futi moja. Uzi mwekundu ulisema fremu ya Kogo ni futi mbili na kidogo.

"Mama Shiko," alisema polepole, "Kogo angefungiwa huko ndani kama mbuzi."

"Mwachie futi tatu, apite na ageuke," Wariara alimwambia. "Na pima kwenda juu pia. Hiyo haiandikwi kwa karatasi. Mtu akikaa juu ya godoro, nyayo zikanyage chini zote mbili. Kitanda ikiwa chini sana, kuinuka ni vita. Ikiwa juu sana, anaogopa kushuka."

Chelagat akamwonyesha kifundo cha goti kwenye uzi mwekundu.

Wariara aliushika ule uzi, akamtazama usoni. "Mama Emmy, umenipunguzia mauzo leo. Lakini nenda kwanza mpime kwa tepu yangu. Utairudisha kesho."

*

Jioni Kiprugut alipata mke wake amepiga magoti stoo. Alikuwa ametandaza magunia matupu sakafuni, akiyapima kwa tepu na kuyakunja mpaka yakawa na umbo la kitanda.

"Hii ni nini tena?"

"Hii ni sita kwa sita yako, pamoja na mbao zake. Sasa wewe ni Kogo."

"Mimi?"

"Umeamka. Unataka choo. Fremu yako ni hii." Akamkabidhi kiti cha jikoni.

Emmy alikuja mbio kuangalia. Kiprugut alikaa juu ya gunia, akacheka, akakohoa kama mamake. Kisha akainuka, akashika kiti mbele yake, akataka kupita kati ya magunia na ukuta. Kiti kilikwama. Akakigeuza upande. Kikakwama tena.

"Usikanyage kitanda, Kogo!" Emmy alipiga kelele.

"Ngoja, ngoja..." Kiprugut alijaribu kupita kinyumenyume, akaegemea ukuta, akasimama hapo. Kicheko kikakatika. Akatazama mlango, akatazama kiti. "Lakini nilipima," alisema. "Nilipima vizuri."

"Ulipima vizuri kwa viazi." Chelagat aliweka tepu juu ya kamba, akamwonyesha kifundo na kifundo.

Kiprugut aliinama, akashika tepu kwa vidole vyake mwenyewe. Akapima tena, kifundo mpaka kifundo.

"Nilimwahidi, Mama Emmy."

"Najua. Lakini unajua ameniomba nini?" Akamweleza maneno ya Kogo, yote, hata lile la gunia na lile la kutambaa.

Kiprugut alifuta uso kwa kiganja. Kisha akapiga magoti, akaanza kukunja magunia. Wakajaribu tano kwa sita. Ilibaki futi mbili, na kiti kiligongana na ukuta. Wakajaribu nne kwa sita. Zilibaki futi tatu kamili. Kiprugut akashika kiti, akatoka, akageuka, akarudi.

"Na tatu na nusu?" Chelagat aliuliza.

"Hapana. Nne. Ageuke vile anataka." Akafikiri. "Ukuta uwe mkono wake wa kushoto. Si ulisema anashukia kulia?"

"Mlango je, ukifunguka?"

Kiprugut akaufungua mpaka mwisho. Haukugusa gunia. Sasa naye alikuwa amepata homa ya maswali. "Godoro itakuwa inchi ngapi?"

"Kesho twende kwa Mama Shiko tupime na uzi. Mbao na godoro, zote pamoja, zifike kwa goti ya Kogo."

*

Ijumaa jioni Kogo alilala kwenye kitanda kipya. Kabla ya hapo akina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Waliweka benchi katika ile nafasi ya futi tatu, wakakaa wanne, wakaimba. Mmoja wao, Jemutai, hakuweza kunyamaza.

"Kiprugut, tulisikia unanunulia mama six by six?"

"Kitanda ilipatikana, mama. Chumba ndiyo ilikosekana."

Jumamosi, ukungu ulipokuwa bado mlangoni, Chelagat aliwasha jiko. Kiprugut alikuwa akichuja maziwa. Ndipo waliposikia mlio sakafuni. Tok. Kimya kidogo. Tok. Kiprugut akaweka sufuria chini, akataka kukimbia. Chelagat akamshika shati.

"Mwache."

Tok. Mlango wa jikoni ukasukumwa. Kogo alisimama hapo na fremu yake, kitambaa kikiwa kimefungwa vizuri kichwani, viatu vimevaliwa.

"Mama! Nani amekuinua?" Kiprugut aliuliza.

Kogo alitazama nyuma yake, kama mtu anayetafuta huyo aliyemwinua. Hakukuwa na mtu.

"Nimeamka mara ya pili hii," alisema. "Nyinyi mlikuwa mnakoroma. Chai iko wapi?"