Wimbo wa Matanga Una Mwenyewe

Rosina hulima ndizi na mahindi huko Chara. Kila siku ya soko hupakia ndizi kwenye bodaboda na kwenda kuziuza Garsen. Ni mwanamke mchapakazi, lakini tangu mwaka jana maneno yamempungua. Mwanawe wa pekee, Tuneya, alishikwa na homa wakati wa mafuriko. Barabara ilikuwa imekatika, na boti ya kumpeleka hospitali ilichelewa. Mtoto akamfia mikononi.

Siku ya mazishi Rosina alimtungia wimbo. Maneno yalikuwa machache:

Maji yamejaa, Tuneya,
boti imechelewa.
Ungengoja kidogo, baba,
ungengoja kidogo.

Ndugu wa Bura walishindwa kufika kwa sababu ya maji. Basi mumewe, Danson, aliurekodi wimbo kwa simu akawatumia, nao wapate kulia. Hakutaja umetungwa na nani. Nani hutaja jambo kama hilo matangani? Wimbo ukatoka Bura, ukapita simu hadi simu.

Asubuhi moja sokoni Garsen, Rosina alisikia muziki wa kuchezwa ukitoka duka la simu. Kijana aliimba, "Ungengoja kidogo, beibi, ungengoja kidogo." Mahadhi ya wimbo yalikuwa yale yale. Jina la Tuneya halikuwemo. Wasichana wawili walikuwa wakikata viuno mbele ya duka, na tusiwalaumu, maana hawakujua. Rosina aliketi chini kando ya ndizi zake akalia.

Khairat, mteja wake wa siku nyingi, alimkuta hivyo. Khairat ni mzaliwa wa Kipini, na ni mtangazaji wa redio pale mjini. Alipoelezwa, aliinamisha kichwa kwa aibu. Hata yeye alikuwa ameupiga wimbo huo redioni.

"Niliutoa mwenyewe," Rosina alisema. "Wimbo wa matanga ukishaimbwa ni wa wote waliokuja kulia."

"La, Mama Tuneya. Uliwaruhusu kulia nao. Kuugeuza hukumruhusu mtu. Wimbo una mwenyewe, na mwenyewe ni aliyeutunga."

"Lakini sikuuandikisha popote."

"Si lazima. Kwa sheria yetu, wimbo ulioutunga mwenyewe ukishaandikwa au kurekodiwa, haki yako imeanza hapo hapo. Kuuandikisha kwenye ofisi ya hakimiliki kunakusaidia kupata ushahidi."

Khairat alimweleza mengine pia. Haki hiyo humlinda mtunzi maisha yake yote. Akifa, warithi wake hubaki nayo miaka hamsini. Anayetaka kuurekodi wimbo upya au kuubadilisha, kwanza aombe ruhusa. Mtunzi ana haki ya kutajwa jina, na ya kupinga kazi yake kuharibiwa. Nyimbo za kale ambazo watunzi wake hawajulikani ni za jamii nzima, lakini huu ulikuwa wa Rosina.

Nyumbani, Danson aliutafuta wimbo kwenye simu yake. Ulikuwepo, na tarehe ya mazishi ilionekana. Alikuwa hajausikiliza tangu siku ile. Aliusikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka kwenda shambani.

Wiki iliyofuata Khairat alimleta mwimbaji Chara. Jina lake Godhana. Alisema yeye alitumiwa kipande cha mwisho tu, bila jina, akadhani ni wimbo wa mapenzi usio na mwenyewe. Danson akamwekea wimbo wote. Ulipofika pale boti ilipochelewa, Godhana aliomba usimamishwe.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nimekuchezea msiba wako."

Siku hiyo hiyo aliuondoa wimbo wake mtandaoni, akaziomba redio zisiupige tena. Khairat alikuwa wa kwanza kuuacha. Kisha Godhana akauliza kwa adabu kama anaweza kuuimba ulivyotungwa, akitaja jina la Rosina na la mtoto.

Khairat alimwambia Rosina uamuzi ni wake peke yake. Akikubali, wataandika makubaliano na kutia sahihi. Akikataa, hakuna wa kumlazimisha.

Rosina alimtazama yule kijana. Hakuwa na hasira naye tena.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Wimbo huu bado nalia nao. Nikimaliza, nitakuita."

Godhana aliitikia, akaacha namba yake ya simu. Garsen wimbo huo hauchezwi tena. Hadi leo Rosina hajamwita.