Sweta Jekundu Nyuma ya Shuka

Kila Jumamosi asubuhi, Chiriku alikwenda kumsaidia shangazi yake, msanifu aliyechora maboksi ya bidhaa za watu. Jina hilo la utani alilipata kwa mdomo wake usiochoka. Alifagia chumba cha kazi, akapangusa meza, kisha akavaa fulana nyeusi iliyoning'inia nyuma ya mlango. Ndiyo ilikuwa sheria: anayesaidia kupiga picha huvaa nyeusi.

Jumamosi hiyo kulikuwa na baridi. Chiriku aliivaa fulana, halafu juu yake akalirudisha sweta lake jipya, jekundu kama pilipili.

"Umevaa fulana?" shangazi aliuliza, macho yakiwa kwenye kamera.

"Nimevaa, shangazi!"

Hakudanganya, ila hakusema yote.

Alisimama dirishani, akatandaza mbele yake shuka jeupe la kupunguza ukali wa jua. Mezani, upande wa pili wa shuka, lilikaa boksi la sabuni, jeupe na la kung'aa, lililotoka kwa mpiga chapa jana. Mama mwenye sabuni alizitaka picha kabla ya adhuhuri.

Shangazi alipiga picha, akaitazama, akasonya.

"Nyeupe gani hii? Mbona imeiva mashavu kama bi harusi?"

Alisogeza meza. Akabadilisha taa. Akafuta lenzi. Wekundu uko palepale!

"Leo nitaitafuna hii kamera na mkanda wake!"

Mwishowe akampigia simu mpiga chapa. "Fundi, karatasi yako si nyeupe! Njoo uchukue mzigo wako wote, sipokei!"

Chiriku alisogea pembeni kuchungulia. Ajabu, boksi lilikuwa jeupe kama maziwa. Aliporudi mahali pake, wekundu nao ukarudi. Akalitazama sweta lake.

Nikilivua kimyakimya, aliwaza, nani atajua? Tayari mkono mmoja ulikuwa nje alipoisikia sauti ya fundi simuni, nyonge: "Dada, karatasi ile nimeichagua kwa mkono wangu..."

"Shangazi, si fundi!" Chiriku alijitokeza nyuma ya shuka. "Ni mimi. Ni sweta langu."

Shangazi alitazama sweta, akatazama boksi, akashika kichwa. "Asubuhi nzima nagombana na taa, kumbe pilipili imesimama dirishani, jua linautupa wekundu wake kwenye boksi!" Kisha akaushusha mkono, akasema simuni taratibu, "Fundi, nisamehe. Karatasi yako ni nyeupe pe. Nimekulaumu kabla ya kuchunguza."

Sweta likavuliwa, na picha iliyofuata ikatoka safi. Mama mwenye sabuni alipobisha hodi, picha zake zote zilikuwa tayari.

Mama huyo alipoondoka, shangazi alimketisha Chiriku karibu yake.

"Sheria usiyoielewa, niulize, usiizunguke. Kwa hilo bado nitakugombeza mpaka jioni. Lakini umefanya vema kusema. Ungelivua sweta kimyakimya, picha zingetoka safi vilevile, na fundi wa watu angebaki na kosa lisilo lake. Kosa ukilificha halipotei, mwanangu. Humwangukia mwingine."