Pamba ya Sikio la Rigobert

Jumapili ile nyumba ya Rigobert, kule Makomeno, ilikuwa imetulia. Misa imekwisha, bukari, ugali wetu, iko mezani, na mkewe Mujinga anampakulia samaki wadogo wa kapenta huku akihesabu moyoni: siku kumi zimepita, zimebaki thelathini na mbili.

Siku za nini? Rigobert alikuwa fundi wa breki kwenye karakana ya reli. Sikio la kushoto lilikufa zamani. La kulia lilitoa usaha miaka mingi hata vifupa vya ndani vikaoza. Daktari alimpasua, akamwekea kifupa cha bandia cha kupitisha sauti, akaziba kwa pamba ya dawa.

"Wiki sita usiposikia, usishangae," alisema. "Pamba nitaitoa mwenyewe. Musiiguse."

Kisha angepimwa, na akisikia, angerudi kazini. Mujinga alielewa. Lakini watu wetu, jamani! Kila aliyekuja kumwona mgonjwa alitaka kumpima. Huyu anapiga makofi nyuma yake, yule ananong'ona mlangoni, halafu wanatikisa vichwa kana kwamba wamesomea kazi hiyo. Mujinga alichoka nao kabisa.

Siku hiyo akaingia Numbi, dada mkubwa wa Rigobert, ambaye wote nyumbani humwita yaya, kutoka Sakania. Akamwita mdogo wake mara tatu. Rigobert akaendelea kula. Numbi akamgeukia Mujinga:

"Balimutiya chuma mu sikio, na hasikie hata kidogo."

"Yaya, iko pamba ndani. Docteur alikataza kuigusa."

"Basi pamba njo inaziba. Weye utanifundisha juu ya mutoto nilibeba mu mugongo?"

Mujinga alitoka kufuata maji ya kumnawisha mgeni. Aliporudi, Numbi ameshika pini ya nywele, pamba iko chini, na mafuta ya mawese ya moto aliyommiminia Rigobert sikioni yanamshuka shingoni pamoja na damu. Rigobert, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa ameinamisha kichwa tu, kwa kuwa ni yaya. Alipojaribu kusimama, kizunguzungu kikamwangusha. Mujinga, kwa hasira, akamkimbiza kwa daktari.

Kifupa kilikuwa kimehama, na uchafu umeingia. Daktari alitibu kidonda. Kumpasua tena, labda baada ya mwaka, wala hakuahidi kitu. Kipimo kilionyesha anasikia vibaya kuliko zamani. Kazi ya breki akapewa mwingine, maana asiyesikia filimbi atakufa relini.

Numbi akarudi kuomba msamaha, kwa sauti ya chini, macho sakafuni.

"Nini?" Rigobert akauliza.

Akarudia.

"Nini, yaya?"

Ikabidi apaze sauti, tena na tena, mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza: "Nisamehe! Ni miye nilikuharibishia sikio!"

Mujinga alikuwa anaosha sahani. Hakumsaidia.

FUNDISHO

Ndugu zangu, sikio lililopasuliwa linataka muda. Kabla daktari hajatoa pamba yake, usiseme limeshindwa. Ukienda kumwona mgonjwa, msalimie, kula ulichopewa, urudi kwako. Nawe mgonjwa, ulichokatazwa na daktari, mkatalie hata dada yako. Atanuna wiki moja, na utamsikia akinuna.